Aliyeingia kwa Jina Lako

Edita,

Siwezi kuanza kwa kukuuliza hali, na sijui kama kuna namna nyingine ya kuanza barua. Nimekaa mezani kwako. Naandika kwa kalamu, nyuma ya fomu zilizoharibika, si kwa kompyuta, kwa sababu haya sitaki yabaki kwenye diski ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua. Najua ungesema nini: "Skola, wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho." Ndivyo nilivyo. Na ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu tangu uondoke nimefanya jambo baya kwa tabia hiyohiyo. Nawe kwa upande wako kuna jambo ulinificha.

Tulikuzika Kanazi siku ya Jumanne, mvua ikinyesha. Gari lilikwama chini ya mteremko, ikabidi jeneza libebwe mabegani mpaka kwenye migomba ya baba yako. Deo wetu wa ofisini alikuwa mbele upande wa kulia njia nzima, akakataa kupokewa. Mama yako alinishika mkono akaniuliza kama kweli malaria inaweza kumwua mtu mzima kwa siku tatu. Nikamwambia inaweza, ikipanda kichwani. Hakuniamini. Hata mimi nilikuwa nasema tu.

Nilibaki kwenu siku mbili, kisha nikapitia kwetu Nemba. Jumatatu nikarudi ofisini. Kompyuta yako ilikuwa imekwama. Inawaka, inaandika mistari michache, halafu inasimama na kudai diski ikaguliwe. Mkuu wetu, Mama Generoza, akanieleza kwamba Ijumaa mchana jenereta ilizimika ghafla, mafuta yaliisha, huenda ndiyo sababu. Nikaendesha ukaguzi kama fundi wa Mwanza alivyotufundisha, nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila ilipouliza kama irekebishe. Mwishowe ikafunguka. Nikaingia, nikalia kidogo kwa sababu ya kile kimto chako cha kitini, nikafuta uso, nikaendelea.

Nilitaka tu kujua kama kuna faili lililopotea jenereta ilipozimika. Nikafungua kumbukumbu za mfumo, pale panapoandikwa nani ameingia na saa ngapi. Mbele ya mstari wangu wa asubuhi ile kulikuwa na jina lako. Edita, Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana. Siku ya tatu tangu tukuzike.

Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka kioo kikajizima.

Usidhani niliwaza mizimu. Niliwaza betri. Unakumbuka betri ya saa ilipokufa kwenye kompyuta ya Deo, kila asubuhi ikawa inaamka ikidhani ni mwaka ambao sisi tulikuwa shule ya msingi? Nikafikiri labda yako imepatwa na hilohilo, na kuingia kwako kwa zamani kumevaa tarehe mpya. Nikailinganisha na saa yangu ya mkononi. Zilikuwa sawa. Nikafikiri tena, labda mtu ameingia kwa waya kutoka kompyuta nyingine, maana zote tatu zimeunganishwa. Kumbukumbu zikasema hapana. Aliyeingia aliketi hapahapa, kwenye kiti hiki, akaandika jina lako na neno lako la siri, na hakukosea hata mara moja.

Hilo la kutokosea ndilo lililonitia baridi. Nikatazama kama neno la siri limebadilishwa. Halikuwa limeguswa tangu uliweke mwenyewe. Basi huyu mtu hakuvunja mlango. Alipewa ufunguo.

Ulimpa nani, Edita? Mimi niliyekula nawe sahani moja miaka mitatu hukuwahi kunipa. Nami sikuwahi kukuomba, kwa sababu kanuni ile tuliiweka wenyewe.

Nairudia hapa kwa ajili yangu, wewe unaijua. Kwenye kompyuta hizi tatu kuna majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao walipokuwa wakikimbia vita: jina la mtoto, kilima alikotoka, maana kwao kilima ndicho kijiji, na familia inayomlea sasa kambini. Mzazi akija tunatafuta. Na unamkumbuka yule bwana aliyekuja na majina yote sahihi, la mtoto, la mama, la kilima. Akasema ni baba mdogo. Akakabidhiwa mtoto wa miaka minane, wakatoka wameshikana mikono. Wiki mbili baadaye akaja baba mdogo wa kweli. Mtoto yule hatukumwona tena. Kuna mtu alimsomea yule bwana orodha yetu, na mpaka leo hatujui ni nani, maana enzi zile kompyuta zetu zilifunguka kwa kila aliyeketi, na zilijaa virusi vya kwenye disketi.

Ndipo akaletwa fundi kutoka Mwanza akatuwekea Linux. Akatuambia ni programu huria, hakuna wa kutudai leseni, tunaruhusiwa kuinakili na hata kuifungua tuone ndani. Wewe ulipenda hayo ya uhuru. Mimi nilipenda kwamba inaandika kila kinachotendeka, mahali tunapoweza kusoma. Tukakubaliana sisi watu wa ofisi: kila mtu na jina lake, neno la siri halitajwi hata kwa mume, na mkimbizi yeyote, hata anayefanya kazi kwetu, hagusi kibodi.

Kwa hiyo Jumatatu ile macho yangu yalisoma Edita, lakini aliyenijia kichwani ni yule bwana.

Kabla ya msiba nilikuwa nimenakili orodha kwenye sidii, kama kawaida yangu. Nikailinganisha na orodha iliyopo, kompyuta ikinionyesha penye tofauti tu. Majina yote yalikuwa yaleyale isipokuwa mstari mmoja. Msichana wa miaka kumi na mmoja. Kwenye sidii aliitwa Ilakoze, wa kilima cha Lulamba. Sasa alikuwa Irakoze, wa kilima cha Ruramba. Herufi tatu.

Mwingine angepuuza. Mimi nikaona picha nzima: kuna mtu amesoma orodha, amechagua mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwulizia, na sasa anamtengeneza afanane na hadithi atakayokuja nayo.

Sikumwambia mtu. Nikaanza kufunga. Nilizima huduma ya kuingilia kwa waya kwenye kompyuta zote tatu. Nikagundua jambo ambalo sijui kama ulilijua: kompyuta inapowashwa, mtu akiwahi kuandika neno moja kwenye menyu ya mwanzo, inamfungulia kila kitu bila kumwuliza yeye ni nani. Miaka yote tulidhani tumefunga nyumba, kumbe dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Nikaliwekea neno la siri nalo. Nikazuia kompyuta zisiwake kwa sidii ya mtu. Orodha ya kweli nikaihamishia kwenye folda yangu isiyosomwa na mwingine, na mahali pake nikaacha nakala inayosomeka lakini haibadilishiki.

Akaunti yako peke yake sikuifunga. Niliiacha makusudi nione nani atairudia. Nisamehe, Edita. Nilikufanya chambo.

Kisha nikaanza kutazama watu. Saa ya chakula sote huenda kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, na mlinzi hubaki getini. Nikamwuliza mlinzi kuhusu Ijumaa. Akasema hakuna mgeni aliyepita. Nikamwuliza hata Vero, yule mama wa kambini anayefagia, kama alimwona mtu humu ndani mchana. Akaegemea ufagio, akasema hakumwona mtu. Mama Generoza Ijumaa alikuwa Ngara mjini kwenye mkutano, na watu walimwona huko. Akabaki mmoja.

Nikikuhesabia niliyoyaona kwa Deo utaona jinsi yalivyokaa vizuri, na ndiyo maana nayaogopa sasa. Jumatatu ileile aliniuliza kama kuna anayejua neno lako la siri, eti kuna barua zako hazijaisha. Jumanne nilimkuta ameketi kwenye kiti chako. Jumatano niliingia ghafla akafunika karatasi kwa kiganja, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilimsalimia, akaitikia bila kunitazama. Siku zote nilimjua Deo kuwa mcheshi, na hapo nikasema moyoni, mcheshi amenyamaza, kuna kitu. Sikukumbuka kwamba tulikuwa tumetoka kukuzika.

Alhamisi nikaenda kwa Mama Generoza na karatasi zangu. Akazisoma mara mbili, akavua miwani, akamwita Deo. Nilitaka kutoka, akanikataza. Deo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka kwangu, si kwa mkuu wake.

"Skola, nimembeba Edita kwa bega hili," akasema. "Leo unasema nimemwibia jina?"

Mama Generoza akamwambia akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Deo akatoa ufunguo wa ofisi kwenye pete yake, akauweka mezani taratibu, bila kuugonga, akaondoka.

Na mimi, nikuambie ukweli, nilijisikia salama. Nilikula vizuri siku ile.

Jumanne iliyofuata nikafungua kumbukumbu za mfumo nikiwa na hakika sitaona kitu. Nikakuta jina lako. Jumatatu, saa saba na robo mchana. Nikatoka mbio hadi kwa mlinzi. Akasema Deo hajakanyaga getini tangu Alhamisi, tena Jumatatu hiyo alionekana Kanazi, alikwenda kumsaidia baba yako kusafisha kaburi.

Nilirudi nikaketi. Kama si Deo, basi ni nani? Na hapo, Edita, nikakushuku wewe. Niliwaza kwamba wewe ndiye uliyemsomea yule bwana orodha, kwamba una mtu wako, na mtu wako anaendelea na kazi uliyoiacha. Nilikumbuka jinsi miezi ya mwisho ulivyoacha kuja kula nasi mchana, ukidai tumbo halitaki. Nilidhani una mimba na unaona haya kuniambia. Sasa nikadhani mengine. Nilifungua barua zako binafsi, nikasoma zote, hata ile ya yule mwalimu wa Biharamulo ambayo hukuwahi kuijibu. Hamkuwa na lolote ndani yake isipokuwa wewe. Nakuomba radhi kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Saa saba siku ileile nilitoka na Mama Generoza kama tunakwenda kula. Tulipofika barabarani nikamwambia atangulie. Nikarudi nyuma kupitia upande wa tangi la maji mpaka dirishani.

Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani. Vero alikuwa ameketi kwenye kiti chako, kitenge kimemwanguka begani, kidole kimegusa kioo, midomo inacheza. Alikuwa anasoma. Yule ambaye kwenye fomu yake ya kazi nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hajui kusoma wala kuandika.

Niliingia. Hakukimbia. Aliondoa kidole kwenye kioo, akakifuta kwa kitenge, kisha akafuta na pale alipogusa.

Nikamwambia alinidanganya nilipomwuliza.

"Sikudanganya, dada," akasema. "Uliniuliza nimemwona nani. Mimi sikujiona."

Nikavuta kiti cha Deo nikakaa. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mikono imelala mapajani. Miezi minane, Edita. Miezi minane ulibaki naye saa ya chakula, kwanza ukimfundisha a, e, i, o, u kwenye karatasi, kisha kwenye kompyuta. Alikuwa amemtaja binti yake kwetu tangu alipofika. Binti aliyeponyoka mkononi mwake kwenye umati wa watu mtoni, akiwa na miaka saba. Tukatafuta, kompyuta ikasema hayupo. Akarudi mwezi uliofuata, hayupo. Mara ya tatu nilimjibu mimi, na nakumbuka nilivyomjibu, nikamwambia asirudi kila wakati, tukimpata tutamwita. Ndipo alipoomba kazi ya kufagia. Wewe ukamwuliza kwa nini anafagia chini ya meza hii kwa muda mrefu kuliko nyingine, naye akakuambia.

"Edita kabla hajaugua aliniambia, jaribu na L," akasema Vero. "Alisema wapo hapa wanaoandika R kwa L. Lakini hatukujua ni herufi ngapi zimekosewa, basi tukaanza mwanzo wa orodha, jina moja baada ya jingine, kila siku kidogo. Alipokwenda hospitali tulikuwa hatujafika mbali. Akanipa neno lake la siri, akaniambia, endelea. Ile Ijumaa nikamfikia, nikamrekebisha jina, na tangu hapo narudi kulisoma tu."

Baba yangu Msukuma, mama yangu Msubi. Nikisali rozari unanicheka kwa sababu nasema lozali. Ulicheka hivyo miaka mitatu, na siku moja ukaacha kunicheka. Sasa najua ni lini uliacha, na kwa nini. Ulikuwa umeona orodha.

Nilimwuliza kwa nini hamkuniambia.

"Edita alisema ungekataa. Akasema pia ungekuwa na haki ya kukataa."

Hata hapo sikumwamini, Edita. Nataka ujue hivyo. Mtu anayetaka kumwiba mtoto angesema hayohayo, angelia zaidi yake, na angebadilisha herufi zilezile. Mama Generoza alipopata habari alitaka akabidhiwe kwa walinzi wa kambi siku hiyohiyo. Nikamwomba siku mbili. Fomu za karatasi za watoto wale wa mwanzo zilibaki kwenye kabati la ofisi yetu ya Biharamulo, nilikokuwa nachapa kabla sijahamishiwa huku kwenu. Kama karatasi inasema L, Vero ni mwongo. Kama inasema R, mwongo ni mwingine.

Nilipanda basi alfajiri, katika msafara wa magari yanayosindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wa porini. Karani wa kabati alikuwa amekwenda sokoni, nikamsubiri kwenye ngazi mpaka akaja na kapu lake la nyanya. Tulitafuta pamoja, vumbi likitupiga chafya. Fomu ilikuwa ya tatu kutoka chini. Mwandiko wa mtu aliyesoma, wino wa bluu, herufi kubwa zilizotenganishwa ili asikosee atakayechapa. IRAKOZE. RURAMBA. Pembeni chini, mahali pa aliyechapa, kuna sahihi ndogo. Yangu.

Karani aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia jua.

Miaka mitatu mizima mama yule alikuwa akiambiwa mwanawe hayupo, na mtoto alikuwa kambi nyingine ya wilaya hiihii, mwendo wa saa moja kwa gari. Hakuna aliyeiba kitu. Hakuna virusi, hakuna mwizi wa neno la siri. Ni mimi, na mfumo ulifanya ulichoambiwa.

Sikurudi na fomu ile, nilirudi na nakala yake yenye mhuri. Mama Generoza akaisoma herufi kwa herufi. Kisha akafanya jambo la busara, akasema karatasi inathibitisha herufi, haithibitishi mama. Akaenda mwenyewe kwenye ile kambi nyingine, na kwa kuwa yeye Mhangaza anaelewana na Warundi bila mkalimani, akamwuliza msichana yule peke yake, bila kumwambia kwa nini, nyumbani walikuwa wakimwitaje. Msichana akajibu akiwa anachambua maharage: Kanyana, ndama mdogo. Vero alikuwa ameshatuambia jina hilo siku moja kabla, na halijaandikwa popote.

Nilikuwepo walipokutanishwa. Nilidhani watakimbiliana. Msichana alisimama nyuma ya mama aliyemlea, akamtazama Vero toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekagua noti anayoidhania bandia. Nililijua jicho lile, ndilo nililomtazamia Deo. Vero hakumsogelea. Alikaa chini kwenye mkeka, akamwuliza kwa Kirundi kama amekula. Tuliondoka bila yeye siku ile. Mara ya pili alikuja akakaa karibu na mkeka. Mara ya tatu alikuwa amefunga nguo zake tayari kwenye kitambaa, akatangulia mwenyewe kupanda gari.

Vero aliachishwa kazi ya kufagia. Kanuni aliivunja, nami nilitia sahihi barua yake. Lakini Mama Generoza akapata njia nyingine: sasa Vero anakuja mara mbili kwa wiki, anaketi kando yetu bila kugusa kibodi, anatusomea majina ya kwao yanavyotamkwa, nasi tunarekebisha. Ananisahihisha bila kunionea huruma. Nimeanza kumwamkia shikamoo. Wewe ulikuwa ukimwamkia siku zote, na mimi, ingawa amenizidi karibu miaka ishirini, nilikuwa namwita Vero kama mtoto mwenzangu.

Na nimejifunza kitu ambacho ningependa nikuonyeshe. Kuna namna ya kutafuta ambapo unatia L na R pamoja ndani ya mabano ya mraba, na kompyuta inaleta jina likiwa na yoyote kati ya hizo mbili. Kumbe iliweza siku zote, ila sisi hatukuiuliza. Niliyapitisha majina yote ya wazazi waliowahi kujibiwa hayupo. Sikutaka kuhesabu yaliyotokea. Nilianza kuwaita mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nasema kosa ni langu kabla hajauliza. Mzee mmoja hakukubali kunipa mkono. Nilimwelewa.

Baadaye, nikisafisha diski yako, nilikuta folda iliyofichwa kwa nukta mwanzoni mwa jina. Mlikuwa na mazoezi ya Vero. Ukurasa wa kwanza ameandika jina lake mara kumi, mara saba amekosea. Wa mwisho ameandika barua fupi kwa binti yake bila kosa. Nimeichapa nikampa. Akaunti yako nimeifunga jana. Sikuifuta, nimeifunga tu, na safari hii bila mtego.

Nina hasira nawe kidogo. Ungeweza kuniambia. Ungenikemea, ningenuna wiki nzima, halafu ningerekebisha orodha, na yule msichana angempata mama yake ungali hai kuona. Uliniogopa, Edita. Nilidhani watu wananiheshimu kwa ukali wangu, kumbe hata wewe ulikuwa unanizunguka. Hilo nalibeba, sikutupii wewe lote.

Limebaki la Deo. Alirudishwa kazini kwa barua yenye mhuri. Alinisalimia, anafanya kazi yake, ila chakula anakula peke yake kwa mlinzi, na meza yake ameigeuza ili nisiwe nyuma yake. Ile karatasi aliyoikunja siku ile nimeiona sasa, Mama Generoza ndiye aliyenionyesha. Alikuwa anajaribu maneno ya kuandika kwenye msalaba wako. Amefuta na kuandika, amefuta na kuandika, mpaka karatasi imetoboka. Neno lako la siri alilitaka kwa sababu alikumbuka kuna sala ya mama yako uliyoichapa, akataka achukue mstari humo. Nilimwomba msamaha ofisini, mbele ya Mama Generoza. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Nadhani ni kwa sababu nilimsema mbele ya mtu mmoja, lakini aibu aliipata mbele ya wengi. Mke wake aliambiwa sokoni. Watoto wake waliambiwa shuleni kwamba baba yao anauza watoto wa wakimbizi. Msamaha wa ofisini haufiki huko.

Basi nakuahidi hili, na sikuahidi lingine. Jumapili baada ya misa nitakwenda nyumbani kwake. Nitasema mbele ya mke wake na watoto wake, na mbele ya majirani kama watakuwepo, kwamba Deo hakufanya kitu, kwamba kosa lilikuwa langu tangu herufi ya kwanza, na nitalisema kwa ulimi wangu huuhuu, wacheke wakitaka. Hata kama anajua nakuja na amefunga mlango.

Pumzika, Edita. Mimi nitapiga hodi, na asipoitikia nitakaa nje mpaka aitikie.

Skola